Hakuna Aliyemroga Mirumbe

Homa Bay
9 Machi 1997

Kaka Zablon,

Salamu kwako, kwa wifi Liz, kwa Mourine na wadogo zake. Kawaida hapa ningeandika kwamba sisi hatujambo. Leo siandiki hivyo kwa sababu ni uongo.

Otieno ameanguka tena. Safari hii ni ndani ya shimo la choo kipya ambalo Ken amekuwa akichimba nyuma ya nyumba. Jua lilikuwa limetua tu. Mimi shimo nililiona, Ken aliliona, hata mbuzi walilizunguka. Mtoto wa miaka kumi akatembea moja kwa moja akaingia kama anaingia mlangoni kwao. Mkono umevunjika. Na Ken, baba yake, alipomtoa, unajua alimwambia nini? "Kwani unatembea ukiwa umelala?" Halafu akamzaba kofi. Mtoto amevunjika mkono, anazabwa kofi, na anayemzaba ni mwalimu.

Nimechoka, Zablon. Shuleni wanamwita kuku, kwa sababu giza likiingia hatoki nje. Wanalicheka hata jina lake, eti aliyezaliwa usiku ndiye asiyeona usiku. Akigonga dawati anachapwa kwa utundu. Mama mkwe naye ana lake. Anasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, kwa sababu mwaka ule nilipanda mahindi kabla yeye hajapanda. Kila anayepita hapa nyumbani anaambiwa hivyo nikiwa nimeketi palepale na cherehani yangu.

Sasa sikiliza. Tulipompeleka hospitali kufungwa plasta, tulikuta madaktari wa macho wamekuja kutoka Nairobi. Mmoja ni mwanamke, anaitwa Daktari Sumeya. Alimwona Otieno akijigonga kwenye benchi ukumbini, akamwita. Akamtia dawa ya matone, akamwangalia ndani ya macho kwa taa na kioo kidogo, kwa muda mrefu mpaka nikaogopa. Halafu akanigeukia mimi, si Ken.

"Upande wako wewe, mama, kuna mwanamume asiyeona usiku?"

Nikamwambia yupo mjomba wetu Mirumbe, alikufa kipofu kabisa, lakini yeye alirogwa.

"Alirogwa na nani?"

"Na jirani, aliitwa Nyamoita."

"Na upofu wake ulianzaje?"

Nikasema alianza akiwa kijana, akigongana na vitu giza likiingia. Nilipoisikia sauti yangu ikisema hivyo, nilimgeukia Otieno. Daktari akasema nimlete mtoto Nairobi, na nije mimi mwenyewe, wapige picha ndani ya macho yetu sote wawili.

"Mimi naona vizuri," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nakutaka."

Kaka, nijibu kama mtu tuliyenyonya naye ziwa moja. Wewe usiku unaona?

Dada yako,
Mellen


Awendo
20 Machi 1997

Mellen,

Barua yako nimeipata. Kwanza, usiniandikie tena mambo ya ukoo kupitia sanduku la posta la Hemed. Yule ni tajiri wangu, lori ni lake, na barua zote zinapitia mezani kwake.

Pole kwa mkono wa mtoto. Lakini maneno yako mengine sikuyapenda.

Macho yangu ni mazima. Nabeba miwa kutoka mashambani hadi kiwandani kila siku ya Mungu, barabara unazijua zilivyo, na sijawahi kugusa hata baiskeli ya mtu. Kipofu anaweza hiyo? Siku hizi hata zamu ya usiku niliomba nitolewe, na Hemed akakubali kwa sababu mimi ni dereva wa zamani na ananiheshimu. Ni hivyo tu, usitafute mengine.

Mjomba Mirumbe alirogwa. Mama alimwona Nyamoita kwa macho yake akimwaga kitu langoni, na kijiji kizima kilikubali. Nyumba ilichomwa, mama yule akakimbilia upande wa Tanzania, mambo yakaisha. Wewe ulikuwa mtoto mgongoni, mimi nilikuwa mdogo wa kuchunga ndama. Unataka kufukua nini?

Tena kuna jambo unalolisahau. Mourine anachumbiwa. Watu wa kijana wanatoka Isebania, ni watu wa biashara, na wanauliza ukoo wetu mlango kwa mlango. Wakisikia tunazaa vipofu, watarudi walikotoka. Mwambie huyo daktari wako atafute ugonjwa mwingine. Na usikubali kupigwa picha ndani ya macho. Picha ya ndani ya mtu ni ya nini?

Kaka yako,
Zablon


Homa Bay
18 Mei 1997

Kaka,

Picha ya ndani ya mtu ni ya kumwonyesha alichokataa kukiona. Nimerudi kutoka Nairobi. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo soma ukiwa umeketi.

Walimtia Otieno matone mpaka mboni zikawa kubwa kama za paka. Wakaweka kidevu chake juu ya kibao mbele ya kamera ambayo haifanani na kamera ya studio, ni mashine ndefu yenye jicho moja. Kisha wakamdunga dawa ya njano kwenye mshipa wa mkono, na dawa ilipokuwa ikipita ndani ya macho, kamera ikapiga, ikapiga, ikapiga. Hakulia. Siku ile mkojo wake ulitoka rangi ya Fanta, akacheka peke yake chooni. Ndicho kicheko pekee nilichosikia Nairobi.

Daktari Sumeya alinionyesha kwanza picha ya jicho la mtu mwingine, mzima. Lina rangi ya chungu kipya, limejaa pote. Halafu akaweka ya Otieno kando yake. Katikati kuna rangi kidogo, kama kisiwa. Kuanzia hapo kwenda kandoni pameparara, peupe, mishipa imebaki wazi kama mizizi baada ya mvua kubeba udongo. "Hapa katikati ndipo anaposomea," akaniambia. "Anasoma vizuri kabisa. Lakini giza na pembeni vinahitaji sehemu hii iliyokufa." Ugonjwa una jina refu, koroideremia. Ni wa nadra, dawa hakuna. Utakula polepole mpaka kisiwa kiishe, labda akiwa na umri wako.

Halafu akaweka picha ya tatu. Ni yangu.

Zablon, mimi naingiza uzi kwenye sindano bila kukodoa. Lakini jicho langu ndani lina vidoa vidogo kila mahali, kama mtu amenyunyiza pilipili iliyosagwa. Daktari alisema hiyo ndiyo alama ya mama anayebeba. Mimi siumwi, ninabeba. Kila mtoto wa kiume ninayemzaa, nusu kwa nusu anaupata. Nami sikuutoa barabarani. Niliupata kwa Mama, yule yule aliyekuzaa wewe. Mjomba Mirumbe aliupata kwa mama yao. Na wewe, kaka, ni nusu kwa nusu kama mwanangu.

Ukiwa nao, watoto wako wa kiume hawatapata kitu. Lakini binti zako wote wataubeba, Mourine wa kwanza.

Sasa ngoja nikukumbushe mambo. Kila ukija Homa Bay unaondoka jua likiwa juu, hata chakula kikiwa jikoni. Kwenye mazishi ya Baba ulimshika Liz bega usiku kucha, sisi tukasema maskini, majonzi. Haikuwa majonzi.

Unaendesha lori la miwa kwenye barabara ambayo watoto wa shule wanatembea. Acha kuliendesha. Nenda kapigwe picha.

Na mwambie Mama ajiandae kuniambia ni kitu gani Nyamoita alimwaga pale langoni.

Mellen


Awendo
2 Juni 1997

Mellen,

Nimesoma barua yako mara moja na kuichoma.

Mumeo amekushinda, mama mkwe amekushinda, sasa unataka kuja kutuvunjia nyumba huku. Kama mwanao ni mgonjwa, pole. Usitugawie. Mama ana shinikizo la damu. Nilimgusia tu, akaniambia kama ni mambo ya Nyamoita hataki kukuona tena uani kwake.

Mimi ni dereva. Nikitoka kwenye usukani, mimi ni nani? Umeshajiuliza hilo? Nitarudi kijijini kwetu Kegonga kukaa chini ya paa nihesabiwe na wazee?

Usiniandikie tena.

Zablon


Homa Bay
15 Juni 1997

Zablon,

Umeniambia nisiandike, nami naandika mara ya mwisho kukuambia kitu ambacho ni haki yako kukijua kabla hujakisikia kwa mtu mwingine.

Nimemwandikia Hemed.

Sikumwandikia kwa hila. Nimemwambia mimi ni nani, mwanangu ana nini, daktari amesema nini kuhusu ndugu wa kiume wa mama. Nimemwomba asikuweke barabarani mpaka macho yako yapigwe picha. Nimemwambia pia wewe ni mtu mwaminifu na akutafutie kazi nyingine kwenye yadi yake.

Utanichukia. Nichukie. Jana nilitazama watoto wakitoka shuleni jioni, wengine wamekumbatiana katikati ya barabara kama barabara ni ya mama yao, nikasema heri kaka yangu anichukie akiwa hajaua mtu.

Hapa kwangu hakuna anayenisifu, usidhani. Mama mkwe aliita wazee wa ukoo. Alipoelezwa kwamba ugonjwa umetoka kwangu, alipiga makofi kama aliyeshinda kesi, akasema Ken aoe mwanamke mwingine mwenye damu safi. Ken alikaa kimya. Kimya, Zablon! Mtu aliyeniangalia nikimshikilia mtoto wakati wa sindano. Nikasimama na zile picha mbele ya wazee nikawaambia, huyu ni mtoto wenu, jicho lake ni hili, na atakayetamka tena neno chira mbele yake atanitambua. Nikatoka nikaenda kushona.

Mellen


Migori
6 Julai 1997

Kwa Mellen,

Sikuiti dada.

Hemed aliniita ofisini mbele ya madereva wenzangu. Barua yako ilikuwa mkononi mwake. Aliniuliza kwa heshima, na heshima yake ndiyo iliyonichoma zaidi. Akasema niende hospitali hapa Migori nipimwe. Nimekwenda. Wakanisimamisha mbele ya chati ya herufi, wakaniziba jicho hili, wakaniziba lile, nami nikasoma mistari yote mpaka ule wa chini kabisa ambao hata muuguzi mwenyewe aliusogelea ausome. Yote! Cheti ninacho.

Nikampelekea Hemed. Akakisoma, akaniambia, "Bwana Zablon, dada yako aliandika kwamba chati utaisoma. Aliandika ni picha ndiyo inayotakiwa." Funguo za lori akazibakiza mezani kwake.

Kwa hiyo nakwenda Nairobi. Usifikiri nakwenda kwa sababu nimekuamini. Nakwenda kwa huyo daktari wako nikapigwe hiyo picha, itoke safi, itiwe saini na daktari, nimpelekee Hemed, halafu niilete Homa Bay nikubandikie mlangoni, wewe na mumeo na wakwe zako wote muione. Na siku hiyo ndiyo ya mwisho wewe kukanyaga Kegonga.

Zablon


Awendo
30 Agosti 1997

Wifi Mellen,

Ni mimi Liz. Zablon hajui ninaandika.

Amerudi kutoka Nairobi na hasemi. Ana bahasha kubwa ya hudhurungi, analala nayo chini ya godoro. Nikimuuliza, anasema barabara ya Nairobi imeharibika. Juzi alikwenda mwenyewe kwa Hemed. Nilidhani anafuata funguo. Alirudi amebeba blanketi lake la safari na redio aliyokuwa ameifunga kwenye lori, akaviweka kitandani, akaketi karibu navyo kama mtu aliyefiwa.

Wifi, na mimi nina hasira. Miaka yote hii nimekuwa macho yake jioni, na kila nikisema twende hospitali ananiambia ninamtakia mabaya. Nimemfunikia mbele ya watu, nikisema amechoka, amekunywa kidogo. Hanywi! Nimemwacha mume wangu aitwe mlevi ili asiitwe kipofu.

Mourine aliitoa bahasha na kuifungua. Aliona zile picha, hakuelewa, akamuuliza. Ndipo baba yake akamwambia yote, pamoja na lile la binti zake kuubeba. Mtoto alimtazama akamwuliza, "Baba, ulitaka niambiwe na nani? Na mwanangu akiwa ameshaanza kuanguka mashimoni?" Halafu akapanda gari akaenda Isebania kumweleza yule kijana mwenyewe, kwa mdomo wake. Kijana alimsikiliza, akasema ataongea na wazazi. Hajarudi. Mourine hali vizuri, lakini halii.

Mwandikie kaka yako. Usimpe pole, atakasirika. Mwandikie tu.

Liz


Homa Bay
5 Oktoba 1997

Kaka Zablon,

Wifi ameniambia. Usimgombeze, ukimgombeza nitakuja huko.

Sikupi pole. Najua ulivyokaa mbele ya ile mashine ukisubiri kunishinda. Daktari Sumeya aliniambia kwa simu ya posta, baada ya wewe kumruhusu, kwamba ulimwomba apige mara ya pili. Nami nilimwomba hivyo hivyo. Nilidhani vile vidoa ni uchafu kwenye kioo chake.

Walimu wako kwenye mgomo, Ken yuko nyumbani mchana kutwa. Wiki iliyopita aliamka bila kusema neno, akachukua kamba ya katani akaifunga kutoka mlango wa nyuma mpaka chooni, kimo cha mkono wa Otieno. Mtoto sasa anakwenda usiku peke yake, anashika kamba. Mama yake Ken aliuliza ile ni ya kuanikia nini. Ken akamjibu, "Ni ya mwanangu." Bado sijamsamehe ukimya wa siku ile mbele ya wazee. Lakini nimeiona kamba.

Sasa hasira yangu imebaki sehemu moja, na sehemu hiyo ni Mama.

Nimefikiri sana. Nyamoita alichomewa nyumba kwa ajili ya ugonjwa tulioubeba sisi tumboni. Alitembea na watoto wake mpaka ng'ambo ya mpaka na mchawi ndilo jina alilobeba. Sisi tumekua, tumeolewa, tumeoa, tunasalimiana kanisani. Yeye je? Kama yuko hai, yuko wapi? Nani ameshamwambia?

Mimi Mama ameshanifungia lango. Wewe ni mwanawe wa kwanza, na una picha. Mpelekee, pamoja na hizi zetu ninazokutumia.

Dada yako,
Mellen


Kegonga
7 Desemba 1997

Dada Mellen,

Barua hii imechelewa kwa sababu ya mvua hii isiyotaka kuisha. Daraja la chini limechukuliwa, na posta tunaifuata kwa miguu. Liz ndiye anayenishika mkono tukichelewa, na sasa ananishika mbele ya watu.

Nianze na lililo moyoni. Bado nina hasira nawe. Ungekuja Awendo, ukaketi, ukanitukana uso kwa uso, halafu ukamwandikia Hemed. Umenitoa kwenye usukani kwa barua. Najua ulikuwa na haki. Kujua hakujaiondoa hasira, na sitaki kukudanganya.

Nilimpelekea Mama picha. Aliigeuza juu chini, akauliza hiyo ni ngozi ya mnyama gani. Nikamwambia ni ndani ya jicho langu. Nikamweleza kama daktari alivyonieleza, polepole, hapa ni pazima, hapa pamekufa, hii ni ya Otieno, hii yenye vidoa ni ya Mellen. Alipofika kwenye yako alitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hata mjomba wangu mimi alikuwa anashikwa mkono."

Mellen, alijua! Hakujua jina la ugonjwa, lakini alijua ulikuwa kwao kabla ya Mirumbe. Nilipiga meza mpaka kikombe kikaanguka kikavunjika. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Ningesema damu ya kwetu ni mbaya, baba yako angeniweka? Na wewe ungempata nani wa kukuoza binti? Watu walikuwa wanatafuta mtu. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, yeye alikuwa mjane." Na kile Nyamoita alichomwaga langoni, nikauliza. Akasema ni maji ya kuoshea vyombo.

Nilitoka nje nikasimama mvuani. Kama ningekuwa bado na lori ningeliwasha nikaenda popote.

Liz alimwulizia Nyamoita sokoni Isebania kwa akina mama wanaovuka mpaka, na haikuchukua muda. Yuko Sirare, kwa binti yake, amezeeka sana lakini kichwa kiko sawa. Tulikwenda mimi na Liz. Nilipotaja jina la baba yetu, yule binti akataka kufunga mlango. Mama yake akasema tuachwe tuingie.

Nikampa picha. Nyamoita akaishika kwa mikono miwili.

"Mimi sikusoma," akasema. "Niambie imesema nini."

"Imesema hukumroga mtu, mama."

"Hilo nilikuwa nalijua. Halikuhitaji picha." Akanirudishia. "Mmekuja kunywa chai?"

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha njia nzima. Yote yakanitoka kichwani. Nikamwambia tu kwamba mimi ndiye mwana wa kwanza wa nyumba ile, na kwamba nimekuja kumwuliza anataka nini.

Akafikiri, akasema, "Mliniita mchawi hadharani. Mtaniondolea hadharani. Na aliyelisema neno lile kwanza awepo."

Nilikwenda kwa chifu. Alisita, akasema hayo ni mambo ya zamani, yatachochea watu. Nikamwonyesha picha, nikamwambia kama hanipi baraza nitasimama sokoni siku ya soko. Akatupa baraza. Jumanne iliyopita watu walijaa mpaka nje chini ya miavuli na magunia, maana habari ilikuwa imetangulia. Mourine alikaa mbele kabisa, amevaa vizuri, mtu asidhani amejificha. Mama nilimleta mwenyewe. Nyamoita alikuja na binti yake, akapewa kiti.

Nikasimama, nikainua picha. Nikasema, "Hakuna aliyemroga Mirumbe. Ugonjwa ni wetu. Umetoka kwa nyanya yetu na kabla yake, uko kwangu, uko kwa mtoto wa dada yangu Mellen. Jicho langu ni hili. Nyumba ya huyu mama ilichomwa bure." Wako wazee pale walioshika mienge siku ile, unawajua. Mmoja aliinama akawa anafunga kamba za viatu, na hana viatu vya kamba.

Nilipomaliza, Nyamoita akaniinulia mkono. "Wewe keti," akasema. "Wewe ulikuwa mtoto. Nataka kumsikia yeye."

Watu wote wakamgeukia Mama. Nilidhani hatasimama. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba asiposimama nitambeba kumrudisha nyumbani na sitamsemesha tena. Akasimama, ameshika mgongo wa benchi. Akasema, lakini kwa sauti ndogo, mvua ilikuwa inapiga bati na mimi niliyekuwa karibu naye nilisikia nusu tu.

Nyamoita hakutikisika kwenye kiti chake. "Rudia," akamwambia. "Walio nyuma hawajasikia."

Mama akarudia, "Alimwaga maji ya vyombo, nami nilijua," kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, wakasikia mpaka waliokuwa nje mvuani.

Kaka yako,
Zablon